Pasipoti ya Haudenosaunee na mlango wa Los Angeles

Mwaka 2028 lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, itarudi kwenye Olimpiki kama mchezo wa medali kwa mara ya kwanza tangu London 1908. Uamuzi ulipitishwa Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilipokutana Mumbai na kukubali michezo ambayo Los Angeles iliomba kuiongeza kwenye ratiba. Kutakuwa na timu sita za wanaume na sita za wanawake. Ukipanga timu za dunia kwa uwezo wa uwanjani peke yake, ya Haudenosaunee, shirikisho la wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, haikosi kwenye sita hizo: wanaume wake wametwaa shaba katika mashindano matatu ya dunia mfululizo, 2014, 2018 na 2023, na kila mara waliowazidi ni Marekani na Kanada tu. Lakini kwa kanuni za IOC zilivyo, hawana mlango wa kuingilia.

Naona kuwafungia nje ni uamuzi mbaya, na naona pia kwamba wengi wanaoupinga wanaupinga kwa hoja nyepesi. Wanasema hawa ndio waanzilishi wa mchezo, kwa hiyo wapewe nafasi. Kuanzisha mchezo hakumpi mtu kiti Olimpiki. Hoja nzito iko kwenye historia ya timu yenyewe, na historia hiyo haieleweki bila kujua Haudenosaunee ni nani.

Ni shirikisho la mataifa sita ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, ambao ndio waliojiunga wa mwisho, katika karne ya 18. Wafaransa waliwaita Iroquois, na vitabu vingi bado vinatumia jina hilo. Ardhi zao zilizobaki ziko jimbo la New York upande wa Marekani, na Ontario na Quebec upande wa Kanada. Mpaka wa nchi hizo mbili ulichorwa juu ya watu ambao tayari walikuwa na serikali. Baraza Kuu lao bado linakutana Onondaga, kusini mwa mji wa Syracuse. Kina mama wakuu wa koo ndio wanaoteua machifu wa baraza hilo, na ndio wenye mamlaka ya kuwavua madaraka.

Mwaka 1794 serikali ya George Washington ilitia saini mkataba na shirikisho hili huko Canandaigua. Mkataba ule haujafutwa. Mpaka leo Marekani hupeleka vitambaa kila mwaka, kama ilivyoahidi, na Wahaudenosaunee huvipokea, si kwa thamani ya kitambaa bali kwa sababu kila mtumba unaofika ni ushahidi kwamba mkataba unaishi. Mikataba ya namna hii huandikiana dola na dola. Kabla ya huo walikuwa na mkanda maarufu wa shanga, wenye mistari miwili ya zambarau juu ya weupe, ukieleza makubaliano yao na Wazungu wa kwanza: meli na mtumbwi vinakwenda sambamba kwenye mto mmoja, na hakuna anayeshika usukani wa mwenzake.

Sasa mchezo. Mchezaji hashiki mpira kwa mkono. Anaudaka, anaubeba na kuurusha kwa fimbo yenye wavu kichwani, na lengo ni kuuingiza golini. Uwanja wa nje una wachezaji kumi kila upande. Kuna lakrosi ya ndani, iliyozaliwa Kanada miaka ya 1930 wenye kumbi za magongo ya barafu walipotafuta cha kuchezesha wakati wa kiangazi, na kuna aina mpya ya wachezaji sita sita itakayochezwa Los Angeles. Haya ni maumbo ya michezo ya kisasa. Kwa Wahaudenosaunee kuna umbo jingine, la zamani zaidi, ambalo halina tiketi wala ubao wa matokeo: mchezo unaochezwa kwa ajili ya uponyaji, pale mtu anapoumwa au jamii inapopata shida, kumfurahisha Muumba. Mtoto wa kiume hupewa fimbo angali mchanga. Akifa huzikwa nayo. Fimbo hiyo huchongwa kwa mti wa hikori, hukunjwa kwa mvuke na kuachwa ikauke kwa miezi mingi kabla ya kufumwa wavu. Alfie Jacques wa Onondaga, aliyefariki 2023, aliifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, akisisitiza kwamba mti unaokatwa kwa ajili ya fimbo lazima kwanza ushukuriwe.

Naeleza haya kwa sababu bila hayo mtu atadhani timu hii ni klabu tu iliyochangamka.

Wazungu walianza kuuandika mchezo huu katika miaka ya 1630, kupitia wamisionari wa Kifaransa. Karne mbili baadaye watu wa tabaka la kati la Montreal waliupenda. Daktari wa meno aitwaye William George Beers aliutungia kanuni za maandishi mwaka 1867, akapunguza idadi ya wachezaji na kuuwekea mipaka ya uwanja. Mwaka 1876 aliongoza msafara kwenda Uingereza akiwa na timu mbili, moja ya Wazungu wa Montreal na nyingine ya Wamohawk wa Kahnawake, na zikacheza mbele ya Malkia Victoria huko Windsor. Wamohawk walivishwa mapambo ili wapendeze macho ya watazamaji. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1880, chama cha lakrosi cha Kanada kilijitangaza kuwa cha ridhaa, na wenyeji asilia wakafungiwa nje ya mashindano ya ubingwa kwa madai kwamba walikuwa wakilipwa. Walikuwa wakilipwa kweli. Wachezaji wa Montreal walikuwa na kazi na mali. Wa Kahnawake hawakuwa na nauli. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao wakafukuzwa, na kanuni iliyotumika kuwafukuza ilikuwa, kwa maandishi yake, haimtaji mtu kwa rangi wala kwa kabila. Naomba msomaji alishike hilo, maana litarudi.

Kwenye Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904 timu ya Wamohawk ilishika nafasi ya tatu kati ya timu tatu. Kumbukumbu za Olimpiki zinaihesabu medali hiyo kwa Kanada. Wachezaji wenyewe wameorodheshwa kwa majina yaliyokaa kimaonyesho, kama Snake Eater na Rain-in-Face. Walikuwepo, lakini hawakuhesabiwa kama wao wenyewe.

Kinachofuata si habari ya michezo, ila ndicho kinachoieleza timu. Mwaka 1923 chifu wa Cayuga, Deskaheh, alisafiri hadi Geneva kwa pasipoti iliyotolewa na watu wake mwenyewe, akitaka Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, lisikilize malalamiko yao dhidi ya Kanada. Alikaa huko zaidi ya mwaka akibisha hodi. Uingereza ilihakikisha hasikilizwi. Mwaka 1924, akiwa bado Ulaya, Kanada ililivunja baraza la jadi kwenye ardhi ya Six Nations, kando ya mto Grand, na kuweka la kuchaguliwa kwa sheria zake. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wenyeji asilia wote, na Baraza Kuu la Haudenosaunee likaukataa. Deskaheh alifariki 1925. Mwaka 1977 ujumbe mwingine ulikwenda Geneva, safari hii kwenye Umoja wa Mataifa, tena kwa pasipoti za Haudenosaunee. Mmoja wa wajumbe alikuwa Oren Lyons.

Lyons ni Mwonondaga, mlinzi wa imani wa ukoo wa Kobe. Ujanani alikuwa golikipa wa Chuo Kikuu cha Syracuse, kwenye kikosi cha 1957 ambacho hakikufungwa mechi hata moja na ambacho Jim Brown, gwiji wa soka la Kimarekani, alikuwa kiungo wake. Mwaka 1983 yeye, Rick Hill na Wes Patterson waliunda timu ya taifa iliyoitwa Iroquois Nationals. Tazama mpangilio: mtu aliyetoka kupigania kutambuliwa kwa taifa lake mbele ya Umoja wa Mataifa anaunda timu ya michezo miaka sita baadaye. Hakuwa amechoka na siasa. Alikuwa ameona kwamba kuna mlango mwingine. Serikali inaweza kukataa kusoma barua ya chifu, lakini timu ikishaingia uwanjani na bendera yake, na wimbo wake ukapigwa, mpinzani aliyesimama mbele yake ameshakubali kwamba kuna taifa upande wa pili. Ndiyo maana wachezaji walisafiri kwa pasipoti za Haudenosaunee tangu mwanzo, ingawa wengi wangeweza kupata za Marekani au Kanada. Pasipoti na timu vilikuwa kazi moja.

Shirikisho la kimataifa la lakrosi liliwapokea mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 walicheza mashindano yao ya kwanza ya dunia huko Perth, Australia. Walimaliza wa mwisho kati ya timu tano. Majira hayohayo, Wamohawk wa Kanesatake, karibu na mji wa Oka, Quebec, walikuwa wamezingirwa na polisi, baadaye na jeshi la Kanada, kwa sababu ya mpango wa kupanua uwanja wa gofu juu ya ardhi waliyozikia wazee wao. Sijui kama kuna timu nyingine iliyowahi kuanza historia yake ya kimataifa huku ndugu zake wakiwa nyuma ya vizuizi namna ile.

Hawakubaki wa mwisho. Mwaka 1998 walishika nafasi ya nne, na wakairudia 2002 na 2006. Kwenye lakrosi ya ndani walifika fainali tangu mwanzo, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia mwaka 2003, na wakafika tena 2007, 2011, 2015 na 2019, kila mara wakizuiwa na Kanada. Kizazi cha ndugu wa familia ya Thompson kiliwatoa kwenye nafasi ya nne. Miles na Lyle Thompson, Waonondaga waliosoma Chuo Kikuu cha Albany, waligawana mwaka 2014 tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, wenyeji asilia wa kwanza kuipata, na Lyle akaitwaa tena peke yake 2015. Kiangazi hichohicho cha 2014, karibu na Denver, timu yao iliifunga Australia 16 kwa 5 na kuvaa shaba ya kwanza ya uwanja wa nje.

Mashindano yale ya Denver yana upande unaotuhusu. Uganda ilikuwepo, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za lakrosi. Vijana kutoka Kampala walifika Marekani kwa pasipoti ya Uganda na viza zilizogongwa, wakapeperusha bendera yao. Kila Mwafrika wa Mashariki aliyewahi kupanga foleni ya viza anajua uzito wa karatasi ile. Lakini hata anayenyimwa viza miongoni mwetu ananyimwa kama raia wa nchi ambayo ubalozi unaijua. Wahaudenosaunee huulizwa swali la kabla ya hilo: je, nchi yako ipo?

Waliulizwa hivyo mwaka 2010. Mashindano ya dunia yalikuwa Manchester, mji ambao walikuwa wameshacheza mwaka 1994. Wachezaji 23 walikwama New York. Pasipoti zao zilikuwa zimejazwa kwa mkono kwa sehemu, bila vifaa vya kiusalama ambavyo serikali zilianza kuvidai baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Uingereza ilitaka uhakikisho kwamba Marekani itawaruhusu kurudi. Hillary Clinton, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, akatoa ruhusa maalumu ya mara moja. Uingereza bado ikakataa. Mwongozaji wa filamu James Cameron alitoa dola 50,000 kuwasaidia gharama za kusubiri. Njia rahisi ilikuwepo siku zote: serikali ya Marekani ilikuwa tayari kuwapa pasipoti zake haraka, wapande ndege. Walikataa, mechi ya ufunguzi dhidi ya England ikapita bila wao, wakarudi nyumbani.

Kuna walioona ni ukaidi. Vijana walifanya mazoezi miaka minne, fursa hairudi, na karatasi ni karatasi. Mimi naona walikuwa sahihi, na sababu si fahari. Kama wangepanda ndege kama Wamarekani, wangefika Manchester wakiwa ni Wamarekani waliovaa jezi tofauti, na kazi ya tangu Deskaheh ingefutwa na wao wenyewe, kwa saini zao. Serikali mbili zilikuwa zimeshindwa kwa karne nzima kuwafanya waseme kwamba wao ni raia wa nchi nyingine. Lakrosi ingekuwa imefanikiwa.

Septemba 2015 walijibu kwa namna yao. Mashindano ya dunia ya lakrosi ya ndani yalifanyika Onondaga, kwenye ardhi yao, mara ya kwanza kwa mashindano ya ngazi hiyo kuandaliwa na taifa la wenyeji asilia. Timu 13 zilishiriki, na wageni waligongewa muhuri wa Haudenosaunee kwenye pasipoti zao, England wakiwemo. Walipoteza fainali kwa Kanada, 12 kwa 8. Muhuri ule, kwa maoni yangu, ulikuwa na maana kubwa kuliko fainali.

Turudi kwa IOC. Kanuni yake tangu 1996 ni kwamba kamati ya Olimpiki ya taifa hutambuliwa pale tu nchi husika ni dola huru inayotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Desemba 2023 Rais Joe Biden alisema hadharani kwamba Haudenosaunee wastahili kucheza Los Angeles chini ya bendera yao, na serikali ya Kanada ikaunga mkono. Yaani dola mbili ambazo ardhi ya shirikisho hili imo ndani ya mipaka yake hazikuwa na pingamizi. IOC ilijibu kwamba ni kamati za taifa peke yake zinazoleta wachezaji, na kwamba Marekani na Kanada ziko huru kuwachukua Wahaudenosaunee kwenye vikosi vyao. Hiyo ni ofa ileile ya 2010, kwa karatasi nyingine.

Hoja ya upande wa pili si ya kupuuza. IOC ikifungua mlango huu, kesho itabishiwa hodi na watu wengi wasio na dola, na baadhi ya kesi hizo zina damu ndani yake. Shirika la michezo halina jeshi wala mahakama ya kuamua nani ni taifa. Kanuni moja kwa wote ni kinga. Naielewa hofu hiyo.

Ila kanuni hiyo haijawahi kuwa moja kwa wote. Puerto Rico ni eneo lililo chini ya Marekani na watu wake hutumia pasipoti ya Marekani, lakini ina kamati yake ya Olimpiki, na mwaka 2016 Monica Puig aliipatia dhahabu ya tenisi. Guam, Bermuda, Aruba na Hong Kong nazo zimo, kwa kuwa ziliingia kabla ya 1996. Kosovo ilipokelewa 2014 ilhali si mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo watu wenye pasipoti ya Marekani wana timu yao, na watu waliokataa pasipoti ya Marekani wakabaki na ya kwao wanaambiwa wajiunge na timu ya Marekani.

Kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Kuelekea Rio 2016, IOC iliunda timu ya wakimbizi. Wanariadha kumi walichaguliwa, na watano kati yao walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakafanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen wa Kakuma ndiye aliyebeba bendera. Hawakuwa na kamati ya taifa. Kanuni haikuwa na nafasi yao. IOC iliitengeneza nafasi hiyo kwa sababu iliamua, na ilifanya jambo jema kabisa. Dunia ya michezo haikuvurugika, wala hakuna aliyedai kwamba mkataba wa Olimpiki umevunjwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mikono ya IOC imefungwa, namwonyesha Kakuma.

Na hofu ya kufungua milango mingi inapungua ukiangalia masharti ambayo Haudenosaunee wanayatimiza: uanachama wa miaka mingi kwenye shirikisho la dunia la mchezo wenyewe, mikataba na dola, serikali inayofanya kazi, na ridhaa ya wazi ya nchi zote mbili husika. Wanaoweza kuonyesha yote hayo kwa pamoja ni wachache mno. Ruhusa ya mchezo mmoja, kwa mashindano haya, ingewezekana kuandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Sitaki kuwafanya watakatifu. Ndani yao kuna mijadala, na mkubwa ni wa wanawake. Kwa mila fimbo ya mbao haiguswi na mwanamke, na jaribio la kuunda timu ya wanawake miaka ya 1980 lilipingwa na baadhi ya kina mama wa koo wenyewe. Leo timu ya wanawake ipo na inacheza mashindano ya dunia. Mwaka 2015 timu yao ya wasichana wa chini ya miaka 19 ilikosa mashindano ya Edinburgh kwa sababu ileile ya pasipoti, na wasichana wale walifanya uamuzi uleule wa kaka zao. Mwaka 2022 timu ya wanaume iliacha jina la Iroquois na kujiita Haudenosaunee Nationals. Taifa linalojadiliana hivi na kubadilika hivi ni taifa hai.

Kinachonipa matumaini ni Ireland. Michezo ya Dunia ya 2022 kule Birmingham, Alabama, tamasha la michezo isiyo kwenye ratiba ya Olimpiki, nayo ilianza kwa kuwaacha Haudenosaunee nje kwa kufuata mwongozo wa Olimpiki, ingawa walikuwa wa tatu duniani. Malalamiko yalipozidi waandaaji walikubali, lakini orodha ilikuwa imejaa. Septemba 2020 chama cha lakrosi cha Ireland kikajitoa, kikisema nafasi hiyo haikuwa ya kwao. Wachezaji wa Ireland walipoteza safari ambayo pengine hawataipata tena.

Los Angeles hesabu ni ngumu zaidi. Nafasi ni sita, na Haudenosaunee wakiingia kuna nchi itakayokosa. Vyama vya Uganda na Kenya ni wanachama wa shirikisho la dunia la lakrosi, na havina timu inayotarajiwa kufuzu 2028, kwa hiyo vinaweza kulisemea jambo hili bila mtu kusema vinatafuta faida. Ningependa kusikia sauti zao kwenye vikao vya shirikisho hilo, waziwazi, kabla orodha ya Los Angeles haijafungwa: kwamba wanataka timu ambayo Uganda iliikuta Denver icheze Olimpiki kwa jina lake, na kwamba shirikisho lipeleke ombi la timu moja ya kipekee, kwa maandishi, na kulirudia kila linapokataliwa.